Darsa: Ghishi katika Nguo za Kale Ziuzwazo kwa Picha

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Ali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, darsa letu la mara hii lahusu mas'ala ya biashara ambayo wazee wetu hawakuyajua kwa sura yake, lakini waliyajua sana kwa asili yake. Nayo ni kuuza nguo za kale, zile zitakwazo na watu wenye kukusanya na kuhifadhi vitu vya zamani, kwa njia ya picha na maneno yawekwayo katika masoko ya intaneti. Tumeulizwa mara nyingi: Yule aandikaye kuwa jezi hii ni ya mwaka fulani, nayo si ya mwaka huo, au kofia hii ni ya mkono, nayo ni ya mashine, hukumu yake ni nini? Na aliyenunua akadanganyika ana haki gani? Wengi wa waulizao ni watu wa Mombasa, Malindi na Lamu, wanunuao kutoka Nairobi kitu wasichokiona. Hupeleka fedha kwa M-Pesa, wakaletewa furushi kwa basi, wakalifungua wakakuta kilichomo sicho walichokinunua.

Tutaigawa darsa hii katika mafungu manne: kwanza hali ya biashara hii, pili namna za udanganyifu wake, tatu hukumu yake katika Sharia, na mwisho masuali na nasaha.

I. HALI YA BIASHARA HII

Kila mtu ajua kuwa nguo nyingi zivaliwazo katika nchi yetu ni mitumba, zilizovaliwa Ulaya, Marekani na kwengineko, zikafungwa marobota zikaletwa kwetu. Mjini Nairobi hufunguliwa Gikomba, upande wa mashariki wa kati ya mji, na kutoka huko huenea hadi soko la Toi karibu na Kibera na Barabara ya Ngong, na masoko ya Kawangware na Kangemi upande wa magharibi. Robota likifunguliwa, zile nguo bora za mwanzo, ambazo wenyewe wachuuzi huziita kamera, huchaguliwa upesi na watu waliokwisha kuzoea kazi hiyo. Na miongoni mwao wako vijana ambao hawaziuzi pale sokoni. Huzifua, huzipiga pasi, huzipiga picha, kisha huzitangaza katika Instagram, katika soko la Facebook, na katika Jiji, ambayo ndiyo iliyoinunua biashara ya OLX ya hapa Kenya mwaka 2019. Wanunuzi wao ni watu wa Kilimani, Lavington na Westlands, na watu wa miji yetu ya pwani.

Nguo zitafutwazo kwa ukale wake ni aina nyingi: jezi za mpira za miaka iliyopita, makoti ya jinzi, fulana zenye picha za waimbaji wa zamani. Na kwetu sisi watu wa pwani ziko kanga za kale, na kofia za viua zishonwazo kwa mkono. Thamani ya vitu hivi haimo katika kitambaa. Imo katika habari ya kitambaa: kilifanywa lini, kilifanywa na nani, na kilifanywa vipi. Basi anayeuza nguo hizi kwa hakika auza habari, na akisema uongo katika habari, amesema uongo katika kitu chenyewe kiuzwacho.

Kabla ya kuendelea yapasa tuondoe dhana moja. Wako wasemao: "Huyu alinunua Toi kwa shilingi mia mbili, akaja akauza kwa elfu tatu, huo si wizi?" Twasema: La. Faida peke yake si haramu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume (S.A.W.) dinari moja amnunulie mbuzi. Akanunua mbuzi wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake vile vile. Mtume hakumkemea, alimuombea baraka katika biashara yake. Mwenye jicho la kujua nguo njema, akaamka alfajiri, akachagua, akafua, akasafirisha, faida yake ni halali yake maadamu amesema kweli. Ubaya tuusemao ni mwengine.

II. NAMNA ZA UDANGANYIFU

Ya kwanza ni mwaka wa uongo. Jezi ya Arsenal ya msimu wa 2003/04, msimu ambao timu hiyo haikushindwa katika ligi ya Uingereza, hutafutwa sana mjini Nairobi. Jezi ya msimu ule ilikuwa na jina la O2 kifuani. Jina la Fly Emirates halikuingia ila mwaka 2006. Basi atangazaye jezi yenye Fly Emirates kuwa ni ya msimu ule, ama hajui, ama adanganya. Hali kadhalika fulana ya AFC Leopards. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na jina la Leopards lilikuja mwaka 1980; fulana yenye jina hilo haiwezi kuwa ya miaka ya sabini. Na Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, na kila fulana ya kijani iliyochujuka sasa huuzwa kuwa ni ya mwaka huo! Na katika kanga, kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968. Basi kanga yenye alama ya kiwanda hicho haiwezi kuwa ilivaliwa siku ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961.

Ya pili ni kazi ya mashine kuitwa kazi ya mkono. Hili latuuma zaidi. Kofia ya viua ya mkono, kama zishonwavyo Lamu na miji mingine ya pwani, ni kazi ya sindano na subira. Kitobo kwa kitobo, kwa majuma, pengine kwa miezi. Mara nyingi ndiyo riziki ya mama aliye nyumbani na wanawe. Kofia ya mashine hufanywa kwa wingi kwa muda mchache, na vitobo vyake hulingana vyote kana kwamba vimepigwa chapa. Mwenye kuitangaza hii ya mashine kuwa ni ya mkono wa Lamu amemdhulumu mnunuzi fedha yake, na amemdhulumu mshonaji jina lake na soko lake. Kwani mnunuzi akidanganyika mara moja na mbili, husema kofia za mkono zote ni uongo, na yule mama akileta ya kweli haaminiwi.

Ya tatu ni kuizeesha nguo mpya. Huchovywa katika maji ya chai, huanikwa juani siku nyingi, husuguliwa kwa jiwe mpaka ikachakaa. Au hukatwa lebo ya nguo ya kale iliyoraruka, ikashonwa katika nguo mpya.

Ya nne ni picha isiyo ya kitu chenyewe. Muuzaji huchukua picha ya mtu mwengine, pengine wa London au Chicago, akaiweka kuwa ni ya kitu chake, na kumbe hana kitu. Akipata mnunuzi ndipo aende Gikomba kutafuta kifananacho.

Ya tano ni kuficha aibu. Tundu huwa kwapani, doa huwa mgongoni, na picha zote hupigwa kifuani. Au picha hutiwa mwanga hata rangi iliyopauka ikang'ara.

Ya sita ni kujipangia wanunuzi wa uongo. Rafiki zake huandika chini ya tangazo: "Niwekee mimi!" na mwengine: "Mimi naongeza mia tano!" na wote hawana haja ya kununua, ila mgeni apate kuona haraka akalipa bila kufikiri.

III. HUKUMU YAKE

Ndugu zetu, mambo haya sita yote yana asili zake katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), kana kwamba yalisemwa kwa ajili ya soko letu la leo.

Ama kuficha aibu na kuonyesha uzuri peke yake, asili yake ni hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Mtume alipita penye chungu cha nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile ya maji juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tazameni: mtu yule hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu, na nafaka nzuri ikawa juu. Basi kifua cha fulana katika picha ndiyo nafaka iliyo juu, na tundu la kwapani ndiyo nafaka iliyo chini.

Ama kuizeesha nguo na kuitia lebo ya kale, asili yake ni katazo la kumfunga mnyama kiwele. Watu walikuwa wakimwacha ngamia au mbuzi siku kadha bila kumkamua, maziwa yakajaa, mnunuzi akadhani kuwa ni mwenye maziwa mengi. Mtume alilikataza jambo hili, akampa mnunuzi hiari baada ya kumkamua: akitaka amweke, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Wanavyuoni wameijenga juu ya hadithi hii kanuni nzima ya tadlisi, yaani kukifanya kitu kionekane kwa sifa kisiyokuwa nayo. Fulana iliyochovywa chai ni kiwele kilichofungwa.

Ama kuuza kisichokuwapo mkononi, Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume juu ya mtu amjiaye akitaka kitu asichokuwa nacho, akamuuzia kisha akaenda kukinunua sokoni. Mtume akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Ni kana kwamba suali hili limeulizwa na kijana wa leo mwenye kutangaza picha ya mwenziwe.

Ama wanunuzi wa uongo, hiyo ndiyo najshi: kupandisha bei bila ya nia ya kununua ili mwengine aingie mtegoni. Imekatazwa kwa hadithi iliyo sahihi, na wenye kuandika maneno yale chini ya tangazo ni washirika katika dhambi, hata kama hawakupata senti.

Na yote haya yanakusanywa na hadithi nyengine ya huyo huyo Hakim bin Hizam, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Maana yake ni kuwa wauzianao wana hiari maadamu hawajatengana, na kwamba wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Baraka ikifutwa, fedha huja, lakini haikai, na ikikaa haileti raha. Na mwanzo wa Sura ya Al-Mutaffifin ni onyo kali kwa wapunjao vipimo. Wanavyuoni hawakuona kipimo kuwa ni mizani na pishi tu. Sifa iliyoandikwa katika tangazo ni kipimo, na mwaka ulioandikwa ni kipimo.

IV. MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Je, biashara ya kitu kisichoonekana yasihi?

Jawabu: Katika madhehebu ya Imamu Shafi, nayo ndiyo ya wengi wetu watu wa pwani, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa kuuza kitu maalumu kisichoonwa na wauzianao hakusihi, na Imamu Nawawi ameitaja hivyo katika Minhaji. Kauli ya pili katika madhehebu hayo hayo ni kuwa yasihi, na mnunuzi ana hiari akikiona. Mahanafi wameruhusu, wakampa mnunuzi hiari ya kuona. Na Wamaliki na Mahanbali wameruhusu kwa sifa iliyo wazi, na kitu kikija kinyume cha sifa mnunuzi ana haki ya kukataa. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa la Jidda, katika kikao chake cha mwaka 1990, limekubali mikataba ifanywayo kwa vyombo vya kisasa vya kupelekeana habari. Basi hatuoni haja ya kuwatia watu dhiki. Lakini angalieni sharti: wote walioruhusu wameruhusu kwa sifa ya kweli pamoja na hiari. Mwenye kuchukua ruhusa akaacha sharti zake hakufuata madhehebu yoyote. Amefuata tamaa yake.

Suali: Muuzaji ameandika: "Kikiuzwa hakirudishwi." Je, amesalimika?

Jawabu: Hakusalimika. Kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu yetu ni kuwa muuzaji akishurutisha kutokuwa na dhima ya aibu, hatoki katika dhima ila kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Nguo si mnyama, na tundu lake hulijua. Haki ya kurudisha kwa sababu ya aibu yabaki. Lakini na mnunuzi naye afanye haraka: akiiona aibu amwarifu muuzaji papo hapo, wala asiivae. Akiivaa Idi nzima kisha akaja kudai, ameonyesha kuridhika nayo.

Suali: Muuzaji hakujua. Aliambiwa sokoni kuwa jezi ni ya mwaka 1987, naye akaandika alivyoambiwa.

Jawabu: Hana dhambi ya khiyana, lakini mnunuzi ana haki ya kurudisha vile vile, kwani haki yake haiondoki kwa ujinga wa muuzaji. Na yapasa muuzaji asiandike kwa yakini jambo asilolijua kwa yakini. Aandike: "Nimeambiwa ni ya mwaka huo, sina hakika." Neno "sijui" halikumshusha mwanachuoni, seuze mchuuzi.

Suali: Akisema wazi kuwa hii ni nakala, si ya asili, lakini ina alama ya kiwanda kile?

Jawabu: Amejiepusha na kumdanganya mnunuzi, lakini yabaki haki ya mwenye alama. Baraza lile la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait cha mwaka 1988, limeamua kuwa majina na alama za biashara ni haki za wenyewe, wala haijuzu kuzivamia. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2008 ya kupinga bidhaa za kughushi yalikataza jambo hilo. Basi auze fulana isiyo na alama ya mtu.

Suali: Mtu ameuza kwa udanganyifu miaka mingi, sasa ataka kutubu.

Jawabu: Toba ya haki ya mtu haitimii kwa istighfari peke yake. Amrudishie mwenyewe ziada aliyoichukua, na leo majina na nambari za wanunuzi zimo katika simu yake, hana udhuru. Asiyempata, amtolee sadaka kwa nia yake. Imehadithiwa katika tarehe ya Imamu Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyi biashara wa nguo mjini Kufa, kuwa alimpelekea mshirika wake nguo, mojawapo ikiwa na aibu, akamwagiza aibainishe. Mshirika akasahau akaiuza, wala hakumjua aliyeinunua. Imamu alipopata habari, alitoa sadaka thamani ya nguo zile zote. Hakudanganya yeye, wala mwenziwe hakukusudia. Lakini hakutaka fedha iliyochanganyika na shaka iingie nyumbani mwake.

NASAHA

Enyi mnaouza: pigeni picha ya kitu chenyewe, mbele na nyuma, na lebo yake, na aibu yake kwanza. Andikeni vipimo kwa inchi au kwa sentimita, kwani nguo za kale hazilingani na nambari zake. Kama ni kofia, pigeni picha ya ndani yake. Muislamu ajulikane kwa jambo hili katika soko la Nairobi, kuwa tangazo lake halina haja ya kuchunguzwa. Uislamu ulifika pwani hii kwa wafanyi biashara, na watu waliwaona kwanza katika mizani zao kabla ya kuwasikia katika mawaidha yao.

Enyi mnaonunua: msiwe na haraka. Mtakeni muuzaji apige picha mpya, na kando yake karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye kitu hashindwi na hilo. Ulizeni kwa maandishi: Ni ya mwaka gani? Umejuaje? Ina tundu au doa? Na majibu yake myaweke, kwani Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Al-Baqara kuandika na kushuhudiza. Mwenye jamaa Nairobi amtume akione kitu mchana, mahali pa watu, kati ya mji, na fedha ilipwe kitu kikiwa mkononi.

Na aliyedhulumiwa asidhani kuwa hana pa kwenda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao na haki ya kupewa habari azihitajizo. Sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda wanunuzi yakataza maelezo ya uongo, na yataja hasa mikataba ifanywayo kwa intaneti. Na iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na ambayo sheria imeitaka iyamalize kwa siku 60. Lakini aanze kwa kumnasihi ndugu yake kwa siri na kwa wema, kwani huenda akarudi katika haki bila ya kadhi wala hakimu.

Mwisho twakumbusha kuwa nguo ya kale, hata ikihifadhiwa vipi, siku moja itaoza, na kabatini haitakwenda nasi kaburini. Lakini neno lililoandikwa chini ya picha yake limekwisha kuandikwa pengine, mahali pasipofutwa. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu, atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu, na atubarikie kidogo kilicho safi. Amin.